Fundi wa Lumumba aliyejipa pointi 84

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza ya duka la vipodozi katika mtaa wa Lumumba mjini Bunia, Kongo, Régine Katungu anashona mkono wa blauzi ya arusi huku akimtazama mteja aliyesimama mbele yake. Hamtazami kiuno wala mabega. Anamtazama mdomo.

Mteja anacheka na simu yake, kicheko kikubwa cha meno yote. Régine anamsubiri alipe, apande pikipiki, aondoke kabisa. Kisha anasema, "Umeona vile anacheka? Iko na sura muzima, na hata hajue kama iko nayo."

Pini tatu amezibana kwenye pembe ya kulia ya midomo. Zamani alibana pini kumi na mbili, midomo mizima, akazungumza nazo humohumo bila hata moja kudondoka. Upande wa kushoto siku hizi haushiki kitu. Ukijaribu, pini inaanguka kwenye kitambaa na mate yanaifuata.

Kila akimaliza mshono mrefu anasimamisha mguu kwenye cherehani, anainua kidole na kulishusha kope la jicho la kushoto kwa mkono. Anahesabu hadi tano, anaachia, anaendelea. Jicho hilo halijifungi lenyewe tangu mwezi wa pili.

Régine ana miaka 41. Alizaliwa Butembo, akaja Bunia miaka kumi na minne iliyopita na mumewe Baudouin, seremala. Kabla ya ugonjwa alikuwa akishona blauzi tano kwa wiki, kila moja kwa faranga elfu ishirini. Sasa akishona mbili anashukuru.

Ugonjwa wenyewe ulimjia akinywa chai. "Sikujua kama chai iko inamwagika," anasema. "Ni binti yangu Tina njo aliniambia, 'Mama, uko unaloanisha nguo.' Nikamuangalia, nikataka kumukaripia, kinywa ikaenda upande moja. Mutoto akakimbia."

Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umepooza: paji la uso halikunji, kope halishuki, shavu limelegea, mdomo umevutwa kulia. Nyumbani kila mtu akawa daktari. Shangazi ya Baudouin alisema ni upepo wa dirishani, akamkanda na mawese ya moto. Jirani alisema ni sumu, na akataja hadi jina la aliyeitia. Wiki tano zikaishia kwenye mawese na kwenye chumba cha maombi, ndipo Baudouin alipompakia kwenye pikipiki na kumpeleka kwenye kituo kimoja cha afya, upande wa pili wa mji.

Wiki hizo tano Régine hajazisamehe. Anazitaja mara nne katika mazungumzo yetu, na kila mara baada yake linafuata jina la Falone.

Falone Berocan ana miaka 26. Ni mzaliwa wa Mahagi, anayenunua vitenge Ariwara na kuviuza Bunia, na nyumbani kwa mama yake mkubwa ndiko anakolala. Yeye alipooza uso mwezi wa tano, upande huohuo wa kushoto. Tofauti ni kwamba alikwenda kituoni siku ya pili tu, akapewa vidonge ambavyo vinasaidia zaidi vikinywewa siku za mwanzo.

"Miye nilianza kugonjwa mbele yake," anasema Régine, na sauti inampanda. "Miye mwezi wa pili, yeye wa tano. Sasa namna gani jicho yake inafunga na ya miye inakataa? Na tena iko kijana. Na tena iko na makuta, feza mingi. Mungu anampa mutu moja vyote!"

Ukimuuliza kama huo si wivu, hazunguki. "Ni wivu. Nifiche juu ya nini? Nikimuona anakunywa Fanta kwa chupa, naangalia kama hata tone moja itaanguka."

Wivu huo ulimfikisha pabaya. Na njia yake ilikuwa karatasi moja.

Kila Jumanne, wagonjwa kumi na wawili wa uso hukutana kituoni kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mrefu aitwaye Olivier. Wagonjwa humwita Docteur, naye amechoka kuwasahihisha. Anawakanda mashavu, anawafundisha kuinua nyusi mbele ya kioo, kupuliza, kutamka, kulinda jicho kwa marhamu na plasta. Ni bure, kwa sababu mfadhili analipia viti kumi na viwili. Si kumi na vitatu.

Ndiyo maana kila baada ya miezi miwili Olivier huwapima. Hapimi kwa mashine. Anauliza maswali na kuandika. Chakula kinabaki kwenye shavu? Kinywaji kinamwagika? Jicho linakauka au linatoa machozi? Halafu anageuza ukurasa: mwezi huu umejitenga na watu mara ngapi? Umewakasirikia wa nyumbani? Umekataa kualikwa mahali kwa sababu ya uso? Majibu yanageuzwa pointi, mwisho ni mia. Mwenye mia anaishi vizuri na uso wake. Anayefika sabini anapewa mazoezi ya kufanya nyumbani, na kiti chake kinakwenda kwa anayengoja.

"Naweza kuona kwa macho kama shavu linasogea," anasema Olivier. "Lakini kuna mutu sura yake imepinda kidogo tu na hatoki nyumbani mwaka muzima. Na kuna mwingine imepinda kabisa, anaenda sokoni, anaimba kanisani. Macho yangu haiwezi kuniambia ile. Lazima yeye mwenyewe aseme."

Niliomba nami aniulize maswali hayo, kwa kuwa nilidhani uso wangu ni mzima. Nikatoka na 88. Kumi na mbili zilipotelea kwenye ukurasa wa pili, pale penye hasira za nyumbani. Sitaeleza zaidi.

Mwezi wa sita Régine alipata 38. Falone, ambaye alikuwa mgeni pale, alipata 47.

Sasa, kwa msomaji ambaye hakusoma shule ya Kongo, ni vizuri aelewe. Kwetu mtu hasemi tu kwamba mtoto amefaulu. Anasema amefaulu na ngapi kwa mia. Namba hiyo inatajwa kanisani, inatajwa kwenye harusi yake, na mama yake anaitaja hata mtoto akiwa na wajukuu. Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, barabara za Bunia zinakuwa nyeupe kwa poda ambayo watu humwagia vichwani vijana waliofaulu.

Régine aliacha shule akiwa darasa la tano la sekondari. Mtihani wa taifa hakuufanya, na poda hakumwagiwa. Ile 38 aliibeba hadi nyumbani kama karatasi yenye wino mwekundu.

"Arobaini na saba, na yeye njo mugeni!" anasema. "Nilisema, hapana. Hii dada wa Mahagi hatanipita tena."

Baudouin alizidisha moto bila kujua. Jumanne moja, akimrudisha nyumbani, alisema kwa nia njema kabisa, "Yule dada Falone anaendelea vizuri, ee?" Régine hakumjibu. Hakumjibu siku hiyo, wala kesho yake, wala keshokutwa.

"Siku tatu," Baudouin ananithibitishia, akiwa amesimama kando na randa mkononi. "Chakula nakuta mezani, lakini neno hakuna. Nikajua nimeharibu."

Mwezi wa nane ulipofika, Falone aliingia kwanza, akatoka na 62. Kwenye benchi la nje watu walimpongeza. Régine akaingia wa pili.

Kinywaji kinamwagika? Hapana, Docteur. Chakula kinabaki? Hapana. Jicho? Iko bien. Umejitenga na watu? Miye? Niko na watu kila siku. Umekasirika nyumbani? Régine alifikiria zile siku tatu, akajibu, "Hata siku moja."

Olivier alimtazama. Shavu halikuwa limesogea hata kidogo, na plasta ya jicho ilikuwa bado mfukoni mwa mama huyo. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba neno la mwenye uso ndilo linaloandikwa. Akajumlisha.

"Quatre-vingt-quatre," akasema. Themanini na nne.

Régine anasema hakusikia kilichofuata. Olivier alieleza habari ya sabini, habari ya mazoezi ya nyumbani, habari ya kiti. Yeye alikuwa amekwisha simama. Alipita mbele ya benchi na kutaja namba yake kwa sauti, mara mbili, mara ya pili akimwangalia Falone.

Barazani Lumumba, mwenzake wa cherehani ya jirani, Aimée, alipokea habari hiyo kama inavyopokelewa mjini Bunia. Alipiga vigelegele. Akaingia kwenye duka la vipodozi, akatoka na kopo zima la poda ya watoto, akalimimina lote juu ya kichwa cha rafiki yake.

"Nilifurahi sana juu yake," Aimée anasema, na hata leo anashika kichwa. "Miaka yote tunashona pamoja sijamuona anacheka vile. Sikufikiria jicho. Nani anafikiria jicho? Mutu akimwagiwa poda anafunga macho."

Régine alifunga moja.

Poda ilikaa kwenye jicho la kushoto, jicho lisilojua kupepesa. Alilipangusa kwa kipande cha kitenge, akaendelea kunywa soda aliyowanunulia wenzake. Asubuhi yake jicho lilikuwa jekundu, limejaa usaha, na mwanga wa mlangoni ulimchoma kama sindano.

Muuguzi kituoni alikuta kidonda kwenye kioo cha jicho. Alilisafisha, akatia dawa, akalifunga kwa wiki mbili, na kumwambia wazi kwamba kidonda kikienda ndani zaidi, jicho halitarudi. Mwanamke anayeishi kwa sindano na uzi alikuwa karibu kupoteza jicho kwa sababu ya sherehe ya uwongo wake mwenyewe.

Kwa jicho moja alijaribu kufanya kazi. Tundu la sindano likawa linahama. Mkono wa blauzi ya mtu aliushona nje ndani, akaufumua, akaushona tena nje ndani. Mteja mmoja alikuja akachukua kitambaa chake kimyakimya na kukipeleka kwa Aimée, cherehani ya pili, hatua mbili tu kutoka pale. Aimée alikataa kukipokea mpaka Régine alipomwambia apokee.

"Ile siku nililia na jicho moja," anasema Régine. "Na miye ile jicho nilikuwa natafuta nayo nani? Nilikuwa namuangalia Falone. Sikuwa naangalia sindano yangu."

Alirudi kwa Olivier kuomba kiti chake. Hakusema alidanganya. Alisema ugonjwa umerudi. Olivier alifungua daftari na kumwonyesha: kiti chake kilikuwa kimekwisha pewa Gaspard, dereva wa malori kutoka Aru, aliyekuwa amengoja miezi mitatu na aliyepata pointi 29.

"Nilimuuliza, 'Mama Régine, ile quatre-vingt-quatre ilikuwa ya kweli?'" Olivier anakumbuka. "Nikamuambia, hii karatasi haiko examen. Hapa hakuna mwenye kufaulu. Pointi kidogo haiko haya, ni njia ya kuniambia nikusaidie wapi."

"Na miye nikamujibu," Régine anadakia, "kama haiko examen, juu ya nini munaandika pointi?"

Tangu siku ile Olivier hataji tena namba kwa sauti. Anaiandika na kufunga daftari.

Alimweka Régine wa kwanza kwenye orodha ya kungoja. Marhamu aliendelea kumpa, ila mikono ya kumkanda na kioo cha mazoezi vilikuwa vya wale kumi na wawili. Na kwa uso uliochelewa kutibiwa, alimweleza, kila mwezi wa mazoezi una maana. Njia ilikuwa moja: mmoja wao afike sabini.

Aliyekuwa karibu zaidi na sabini, kila mtu alimjua.

Mwezi wa kumi, siku ya kupimwa, Régine alikwenda na kuketi chini ya dirisha la chumba cha Olivier. Anasema alikwenda kuchukua marhamu. Baudouin, aliyemngoja kwenye pikipiki, anasema marhamu ilikuwa imechukuliwa jana yake.

Kwenye benchi wagonjwa wengine walikuwa wakimshauri Falone. Gaspard wa Aru ndiye aliyesema kwa sauti. "Weye mutoto, usiseme vyote. Sema kinywaji inamwagika kidogo. Ukipita sabini utaenda nyumbani, na tabasamu yako haijamalizika." Na kweli haikuwa imemalizika. Falone akicheka, pembe ya kushoto bado huchelewa kidogo kufika.

Falone akaingia. Dirisha lilikuwa wazi.

Hapa Régine anaweka blauzi chini, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mguu wake unaondoka kabisa kwenye cherehani.

"Nitakuambia kitu, na uandike," anasema. "Nilikuwa naomba. Pale chini ya dirisha nilikuwa naomba Mungu Falone aseme uwongo. Kama anasema uwongo, miye nakosa kiti, nakosa sura, lakini na yeye anakuwa sawa miye. Unaelewa? Nilipenda nikose kiti, kuliko yeye akuwe mutu muzuri tena kunipita."

Olivier aliuliza kuhusu kinywaji. Falone akajibu kwamba sasa kinakaa. Akaulizwa kuhusu jicho, akasema linafunga, hata upepo wa pikipiki hauliumizi tena. Kuhusu watu, alisema amerudi sokoni kila siku na juzi alisimama kwenye harusi ya binamu yake. Kuhusu hasira nyumbani alicheka na kusema, "Ile bado, Docteur. Mama mukubwa anapika chumvi mingi."

Ikawa 76.

Nilimtafuta Falone sokoni, kati ya marundo yake ya vitenge, nimuulize kwa nini hakufuata ushauri wa Gaspard. Alishangaa. "Maji haimwagike. Sasa niseme inamwagika?" Kisha akaongeza, akikunja kitenge, "Najua yule mama hanipende. Miye sina neno na yeye. Blauzi zake ni nzuri, wateja wangu nawaambia waende kwake."

Habari hiyo ya wateja Régine alikuwa haijui. Nilipomwambia, alitoa mlio wa kukerwa kwa upande wa midomo unaofanya kazi. "Hata ile!" akasema. "Hata wateja ni yeye! Huyu dada ataniua."

Siku ile ya mwezi wa kumi Falone alitoka chumbani, akamwona amejibanza chini ya dirisha, na hakumuuliza anafanya nini pale. "Kiti iko, mama," alimwambia. "Ingia, Docteur iko anakungoja." Régine akainuka na kupita. Hakumwangalia. Hakusema asante.

Mbele ya Olivier alijibu maswali yote upya. Kinywaji kinamwagika, na nyumbani anakunywa akiwa amewapa wote mgongo. Chakula kinabaki, anakitoa kwa kidole. Harusi nne ameshona nguo zake mwaka huu, na zote nne amekataa kwenda. Yeye ndiye aliyemnyima mume neno siku tatu kwa kosa ambalo si kosa. Na lilipofika swali la kama kuna jambo lolote lingine linalomsumbua, alisema, "Nawachukia watu wanaocheka. Andika."

Alipata 31, chini ya ile ya mwezi wa sita. Olivier aliandika bila kuitaja, akafunga daftari. Régine mwenyewe ndiye aliyedai kuijua, na aliposikia aliguna tu na kusogeza kiti mbele ya kioo.

Leo ana Jumanne nne za mazoezi. Kidonda cha jicho kimekauka, na muuguzi anasema jicho limepona, bado kope. Kwenye shavu, karibu na pua, Olivier ameona msuli ukitikisika. Baudouin haoni kitu, ila amejifunza kusema anaona. Régine anafanya mazoezi yake hapohapo barazani kati ya mshono na mshono, akiinua nyusi na kupuliza hewa, na watoto wapitao wakimwiga anawatishia mkasi.

Wivu umepona? Anacheka swali hilo, kicheko cha upande mmoja, na hajifuniki kwa mkono.

"Jana amepita hapa na pikipiki, anakula muhindi ya kuchoma. Muhindi, kaka! Na meno ya pande zote. Nilitamani muhindi ianguke."

Kupimwa kwingine ni mwezi wa kumi na mbili. Ana mpango wake, na ameukalia kimya, hata Baudouin anausikia leo kwa mara ya kwanza. Anataka pointi sitini, za kweli, zisizozidi wala kupungua. Akizifikia, atavaa blauzi nzuri na kwenda sokoni kwa Falone, kwa miguu, mchana kweupe, kumwambia asante kwa kile kiti.

Namuuliza kwa nini asiende leo. Soko liko karibu, na blauzi ya arusi inaweza kungoja.

Régine anainamia cherehani na kukanyaga. Anajibu bila kuinua kichwa.

"Leo itatoka nusu ya kinywa," anasema. "Na kwa yule mutoto, asante ya nusu sitaki."